Seli ya jua ya shaba niliyoipika Langoni

Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba kifaa cha kugeuza mwanga kuwa umeme hakitengenezeki bila kiwanda. Mimi nimekitengeneza hapa mtaa wa Langoni, Lamu, kwa bamba la shaba la muuza vyuma chakavu na jiko la umeme la koili. Gharama yote haikufika bei ya taa ndogo ya sola.

Piga shaba msasa, iweke juu ya koili, fungulia moto hadi mwisho. Rangi zitapita, machungwa, zambarau, buluu, halafu weusi utazimeza zote. Usizime! Ipike nusu saa zaidi, weusi unenepe.

Fundi redio mmoja alinishauri, "Mwalimu, ikiiva itose majini, ule weusi utabanduka wenyewe." Niliitosa. Ukang'ang'ania kama ukoko wa wali, na kila nilipokwangua, wekundu wa chini nao ukatoka. Dawa ni kuzima jiko na kuiacha shaba palepale ipoe taratibu. Shaba husinyaa kuliko oksidi, yaani shaba iliyoungana na oksijeni, iliyo juu yake, basi weusi hupasuka na vigamba vinaruka vyenyewe, ti! ti! Chini unabaki utando mwekundu. Hiyo ndiyo mali, msasa usiuguse.

Mwingine akashikilia kwamba fuwele nzuri, yaani atomi zilizojipanga safu kwa safu kama za utando huu, ni ile isiyo na kasoro. Si kweli. Oksidi hii nyekundu hupitisha umeme kwa sababu atomi za shaba zimepungua humo hapa na pale, na kila pengo huleta tundu lenye chaji chanya, yaani nafasi iliyokosa elektroni. Silikoni, ile ya paneli za sola za dukani, hutiwa boroni makusudi ipate matundu kama hayo, na fosforasi ipate elektroni za ziada. Hata taa ya LED ya buluu ilikwama hapo: magnesiamu iliyotiwa kwenye fuwele yake, galiamu naitraidi, ili ilete matundu ilikuwa imefungwa na haidrojeni. Wanasayansi wa Japani, Akasaki na Amano, wakaifungua kwa miale ya elektroni mwaka 1989, kisha mwenzao Nakamura akaonyesha mwaka 1992 kwamba kuipasha moto ndani ya naitrojeni kunatosha. Moto tena!

Bamba langu nililisimamisha na shaba tupu ndani ya chupa iliyokatwa, visigusane, nikamimina maji ya chumvi, nikabana klipu moja ya mita ya umeme juu ya kila bamba. Kivulini mita ilisoma kama mikroampia 5 (mikroampia ni sehemu ya milioni ya ampia). Juani barazani, karibu 30. Wanafunzi wakawa wanaziba kwa kiganja na kuachia, sindano ikishuka na kupanda, hawataki kuondoka.

Angalieni tu maji yasifikie klipu. Ikilowa, mita itapanda hata gizani.