Kinanda ukubwani: kumbukumbu ya miezi ya mwanzo

Februari

Kinanda kimepatikana, cha mtumba, vitufe 61. Piano kamili ina 88, ila kwa chumba changu na mfuko wangu hiki kinatosha. Vitufe vyake ni vyepesi, havina uzito wa piano. Nilichokagua kabla ya kulipa ni kama kinasikia mguso: ukigonga kwa nguvu kilie kwa nguvu, ukigusa taratibu kilie taratibu. Kisichofanya hivyo, kiache hukohuko dukani.

Kwenye kwaya naimba besi, na kama wanakwaya wengi wa huku, nota ninazosoma ni za solfa: d r m f s l t, yaani do, re, mi na kuendelea. Mfumo huu aliueneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover. Wamisionari wakaja nao, ukakaa. Kwenye kinanda unanisaidia na kunikwamisha papo hapo. Sikio linaijua "la", mkono hauijui, kwa sababu do ya solfa haina makazi. Leo karatasi inasema Do ni G, kesho Do ni F (herufi hizi ni majina ya vitufe vya kinanda), na do ikihama inahama na ndugu zake wote.

Machi

Skeli, skeli, skeli: kupanda nota moja moja toka do hadi do ya juu. Vidole vinahesabiwa kuanzia gumba, 1 hadi 5. Skeli ya C kwa mkono wa kulia ni 1-2-3, gumba linapita chini, halafu 1-2-3-4-5. Kushoto ni 5-4-3-2-1, kisha cha kati kinavuka juu ya gumba, 3-2-1. Mkono mmoja mmoja hakuna shida. Ukiiunganisha, kulia kunageuka baada ya nota ya tatu na kushoto baada ya ya tano, na hapo ndipo kichwa kinapopata moto. Usiku navaa hedifoni, majirani wasalimike.

Kuna kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti za kinanda chote juu au chini huku vidole vikibaki palepale. Wapiga vinanda wengi wa kwaya wanajua kupiga Do ikiwa C tu, mengine wanakiachia kitufe hicho, na ibada inakwenda vizuri kabisa. Siwacheki. Lakini piano ya kweli haina kitufe hicho, kwa hiyo changu nimekibandikia plasta.

Mei

Wimbo wa kufanyia kazi nimeuchagua: ule wa Enoch Sontonga wa 1897, Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao Watanzania tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika. Sontonga aliuandika kwa solfa, Do ni B flati, na mimi nataka kuupiga hapohapo alipouweka.

Skeli ya B flati ina vitufe vyeusi viwili, B flati yenyewe na E flati. Gumba halipendi vitufe vyeusi, ni fupi mno, kwa hiyo kwenye skeli hii la kulia linaangukia C na F, la kushoto D na A. Ukishalijua hilo, vidole vingine vinajipanga vyenyewe.

Sauti nne kwa mikono miwili: soprano na alto (za wanawake) kulia, sauti ya tena (ya juu ya wanaume) na besi kushoto. Sauti ya tena ikipanda mbali na besi mkono wangu haufiki, basi naikabidhi kulia kama ina nafasi.

Besi inatoka bila kufikiri, maana nimeiimba tangu shule. Kinachonitesa ni soprano! Wimbo ninaoujua maisha yangu yote, kumbe naujua kwa chini tu. Juu nilikuwa naskia wengine wakiimba. Sasa kabla ya kugusa kinanda naiimba soprano kwa sauti yangu nzito, kwa solfa, mpaka mdomo uzoee. Vidole vinaufuata mdomo haraka kuliko vinavyoyafuata macho.

Julai

Ubeti unakwenda kwa mikono miwili, metronomu (kifaa cha kupiga mapigo) ikiwa 60 kwa dakika, polepole kuliko tunavyouimba uwanjani. Kiitikio bado ni mkono mmoja mmoja. Nikijaribu kuiunganisha, kwenye "tubariki" mkono wa kushoto unachelewa. Pedali, ile ya kukanyaga ili nota ziendelee kulia, nitanunua baadaye, kwanza nisikie nota zangu zikiungana kwa vidole vitupu.