Klasi ipo, lakini hifadhidata ya Oracle haiioni

Watayarishaji programu waliozoea Java ya kawaida, wanapokutana na ujumbe wa ORA-29540 unaosema kwamba klasi haipo, hukimbilia kukagua folda za seva na CLASSPATH yake, yaani orodha ya mahali ambapo Java ya kawaida hutafuta klasi. Huko hawatapata jibu. Mashine ya Java iliyomo ndani ya Oracle huhifadhi klasi kama vitu vya skima (eneo la kila mtumiaji ndani ya hifadhidata), sawa na majedwali na taratibu za PL/SQL, lugha ya Oracle yenyewe, na huzitafuta humo humo. Kwa hiyo uchunguzi wangu huanza kwa SQL:

SELECT object_name, status FROM user_objects WHERE object_type = 'JAVA CLASS';

Klasi isipoonekana hapo, ama haikupakiwa, ama ilipakiwa na mtumiaji mwingine. Kwa kawaida loadjava, zana ya Oracle ya kupakia klasi, huelekeza utafutaji kwenye skima ya mwenye klasi, kisha kwenye visawe vya umma (majina mbadala yanayoonekana na watumiaji wote), hivyo klasi iliyo katika skima ya jirani haionekani hata kama ruhusa ya EXECUTE imetolewa, mpaka skima hiyo itajwe katika chaguo la -resolver au kisawe cha umma kiundwe.

Hali ya INVALID katika safu ya status ndiyo inayohitaji subira zaidi. Haimaanishi kila mara kwamba klasi ni mbovu, kwa kuwa iliyopakiwa bila chaguo la -resolve, linaloiunganisha na klasi inazozitegemea, hubaki hivyo hadi itakapoitwa mara ya kwanza. Amri ifuatayo huondoa shaka, mradi jina liwekwe ndani ya alama za nukuu, kwa mikwaju badala ya nukta, na herufi kubwa na ndogo zifuatwe kama zilivyo:

ALTER JAVA CLASS "malipo/Ankara" RESOLVE;

Ikishindikana, USER_ERRORS, orodha ya makosa iliyomo katika hifadhidata, huonyesha ORA-29521 pamoja na jina la klasi inayokosekana, na mara nyingi hiyo hutoka kwenye maktaba ambayo mwandishi hakukumbuka kuipakia pamoja na kazi yake. Wapo wanaotumia chaguo la loadjava la -genmissing ili klasi za bandia zizibe pengo. Sipendekezi njia hiyo pale ambapo msimbo husika unaweza kuitwa kweli, kwa sababu hitilafu haiondoki bali huahirishwa hadi programu itakapokuwa ikitumiwa na watu.

Kagua pia toleo la Java. Oracle 19c hutumia Java 8 ndani yake, yaani mafaili ya klasi ya toleo la 52, ilhali yaliyotayarishwa kwa Java 11 ni ya toleo la 55 na hukataliwa. Ukitayarisha upya kwa javac --release 8, tatizo hilo hukoma, ila kama msimbo wenyewe unatumia vitu vilivyoingia Java baadaye itabidi uuandike upya.

Baada ya kupakia upya, kipindi (session) kilichokuwa kikitumia klasi ya zamani kitapata ORA-29549, inayoarifu kwamba klasi imebadilika na hali ya Java ya kipindi hicho imefutwa. Rudia mwito, klasi mpya ndiyo itakayoendeshwa.