Kompresa Niliyoiunda Sakina na Sekunde Moja Iliyopotea

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, mwimbaji kiongozi wa kwaya ya usharika wetu alikuja chumbani kwangu hapa Sakina, Arusha, kurekodi nyimbo mbili, nami nikaipitisha sauti yake katika kompresa, mashine ya kudhibiti ukubwa wa sauti, niliyokuwa nikiiunda kwa mikono yangu tangu Januari. Aliimba vizuri sana. Lakini kila alipomaliza mstari na kunyamaza ili avute pumzi, mvua iliyokuwa ikipiga bati, ambayo nilikuwa nimejitahidi kuizuia kwa magodoro na mablanketi, ilipanda papo hapo ikajaa hedifoni, na alipoanza mstari uliofuata ikazama tena. Rekodi nzima ilikuwa ikihema. Kidhibiti cha rilizi, yaani cha muda wa kuiachia sauti irudi juu, nilikuwa nimekiweka mwisho kabisa wa upande wa polepole, mahali ambapo mashine ilipaswa kuchukua zaidi ya sekunde nzima kabla ya kuirudisha sauti juu, ila masikio yangu yaliniambia kwamba sekunde hiyo haipo. Kuitafuta kulinichukua wiki tatu.

Kompresa hufanya kazi ambayo fundi mitambo angeifanya kwa kidole kwenye voliyumu, ila kwa kasi isiyowezekana kwa kidole: sauti ikizidi huishusha, ikipungua huiachia. Sakiti niliyoifuata inatokana na 1176, mashine ambayo Mmarekani Bill Putnam aliitoa mwaka 1967, baada ya ile yake ya awali, 176, iliyotumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Ndani ya 1176 transista moja ya aina ya feti hutumika kama rezista, yaani kipuri cha kukinza umeme, ila inayobadilika. Sauti inapozidi, volti ya kudhibiti huifungua feti, na sehemu ya sauti humwagwa ethi kupitia humo; sauti inapotulia, volti ile hupungua taratibu, feti ikajifunga, na kila kitu kikarudi mahali pake. Kukamata, yaani ataki, huchukua kati ya mikrosekunde 20 na 800. Kuachia, yaani rilizi, huchukua kati ya milisekunde 50 na sekunde 1.1.

Nilitaka upeo huo wote wa rilizi, wala si upande mmoja tu, kwa sababu ya watu wanaoingia chumbani mwangu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho mara nyingi hutoka dhaifu. Kijana anayekuja kuchana kutoka Ngarenaro hurusha mistari yake kwa kasi, na kama kompresa imekamata silabi yenye mkazo ikachelewa kuachia, ile ya mwisho hushushwa pamoja nayo, na vina ambavyo amevitafuta usiku kucha hupotea. Kwake rilizi ya haraka ni haki yake. Mwimbaji wa kwaya anahitaji kinyume cha hayo: sauti ndefu, vituo virefu, na mashine inayotulia wakati yeye akivuta pumzi. Naamini mtu anayerekodi watu wa aina hizi mbili asiridhike na kompresa inayojua kasi moja.

Kuhusu ujenzi wenyewe sitasema mengi. Vipuri vya kawaida vilikuja kwa basi kutoka Kariakoo, transfoma za sauti niliagiza nje, na sanduku lilikunjwa na fundi wa vyuma kule Unga Limited. Transfoma ya umeme ilikuwa na nyaya mbili za kuingizia za volti 115 kila moja, ambazo hapa kwetu hufungwa mfululizo ili zipokee volti 230. Nilizifunga kinyume mara ya kwanza, na kilichoniokoa ni balbu ya nyuzi ya wati 60 ambayo huitia mfululizo na waya wa moto kabla ya kuwasha kitu chochote kipya. Iliwaka kwa mwanga wake wote, ishara kwamba umeme unapita kama hakuna kizuizi, nikachomoa plagi kabla hakijaungua hata kipuri kimoja. Baada ya kugeuza ncha za waya mmoja, balbu ilififia, na mita ikaonyesha volti 30 chanya na volti 10 hasi kama mchoro unavyotaka.

Kisha ukaja mvumo. Niliupitisha kwenye programu ya kuchambua sauti, ukasimama kwenye hezi 50, wala si 100. Tofauti hiyo huokoa siku nzima ya kazi, kwa kuwa hezi 100 ingeniambia kwamba umeme hauchujwi vizuri baada ya dayodi zinazounyoosha, lakini hezi 50 ilinielekeza kwenye sumaku ya transfoma ya umeme, iliyokuwa imekaa karibu mno na transfoma ndogo inayopokea sauti. Nililegeza skrubu yake, nikavaa hedifoni, nikaizungusha transfoma polepole kwa mkono uliofungwa glavu ya mpira. Mvumo ulipanda, ukashuka, na karibu na robo ya mzunguko ukatoweka. Nikakaza hapo hapo.

Feti ndizo zilizonifundisha subira. Mbili zinahitajika, moja ya sauti na moja ya kuendesha mita ya sindano, nazo sharti zifanane tabia, la sivyo mita husema jambo moja na sauti ikafanya jingine. Niliagiza 2N5457 ishirini. Karatasi ya mtengenezaji inakiri kwamba volti ya kuifunga feti hiyo yaweza kuwa popote kati ya 0.5 na 6, kwa hiyo kuchukua mbili za kwanza pakitini ni kubahatisha. Feti ina miguu mitatu, dreni, geti na sosi, na kipimo ni rahisi: dreni kwenye chanya ya betri ya volti 9, geti kwenye hasi, sosi kwenye hasi kupitia rezista ya megaomu 1, kisha unasoma volti iliyopo juu ya rezista hiyo. Nilizipanga zote kwenye kipande cha boksi, kila moja na namba yake kwa kalamu. Ukiishika feti kwa vidole inapata joto na namba inahama mbele ya macho yako, basi niliichomeka kwa koleo, nikahesabu hadi thelathini, ndipo nikasoma. Kati ya ishirini nilipata jozi tatu nilizoziamini.

Marekebisho ya bayasi, yaani volti inayoiweka feti mahali pa kuanzia kazi, yalikwenda sawa. Unazima ukandamizaji, unapitisha mlio wa hezi 1,000, unaifunga feti kabisa, unaweka sauti inayotoka kwenye desibeli 1 juu ya sifuri, kisha unageuza trima, kidhibiti kidogo cha bisibisi kilicho kwenye bodi, mpaka ishuke hadi sifuri. Hapo feti iko mlangoni, tayari kuanza kazi. Mwezi wa Februari kila kitu kilikuwa sawa masikioni mwangu, na rilizi ya polepole niliiridhia bila kuipima. Hilo la kutopima ndilo kosa langu la kwanza.

Baada ya ile siku ya mvua, shaka ya kwanza iliangukia kidhibiti chenyewe, kwa sababu katika 1176 kuzungusha kulia ndiko kwenye kasi, kinyume na wengi wanavyotarajia, nikadhani nimefunga nyaya kinyume. Hapana. Nikabadilisha kapasita inayotunza volti ya kudhibiti, ya mikrofaradi 0.22. Hakuna tofauti. Nikabadilisha dayodi. Hakuna tofauti. Ndipo nilipofanya nililopaswa kufanya mwanzoni, nikapima muda: nikatengeneza kwenye kompyuta mlio mkubwa unaoshuka ghafla kwa desibeli 20, nikaupitisha kwenye kompresa, nikarekodi kilichotoka, nikaangalia umbo la wimbi linavyopanda. Sekunde 0.18.

Hesabu yake si ngumu. Kapasita ya mikrofaradi 0.22 inayomwaga chaji kupitia kidhibiti cha megaomu 5 huchukua takriban sekunde 1.1. Ili ishuke hadi 0.18, lazima kuwe na njia nyingine ya kumwaga chaji, yenye ukinzani wa karibu megaomu 1, ambayo haimo kwenye mchoro. Nilishika mita nikaanza kufuatilia volti kwenye kapasita, na hapo nikapotea zaidi, kwa sababu kila nilipogusa sehemu ile rilizi ilizidi kuwa fupi. Nilikaa siku mbili nikiitafuta hitilafu niliyokuwa nikiiongeza mwenyewe. Mita za kawaida za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10. Ukiiweka kwenye sakiti isiyo na hitilafu yenye megaomu 5, ile sekunde 1.1 hushuka hadi kama robo tatu ya sekunde kabla hujatafuta kosa lolote. Katika sehemu nyingine za bodi mita haina madhara. Pale, mita nayo ni mlango wa kuvujia.

Nilibeba bodi hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na Soko Kuu, mtu ambaye ameshika risasi na chuma cha kulehemia kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leta tuone."

Hakuomba mchoro. Aliigeuza bodi, akaisogeza dirishani, akaikwaruza kwa ukucha katikati ya viungo viwili, akautazama ukucha.

"Hii umelehemia nini?"

"Risasi ya kawaida mzee, na mafuta ya kopo."

"Mafuta ya kopo ni ya bati na sufuria. Bodi hii umeiosha?"

Sikuwa nimeiosha. Nilikuwa nimenunua kopo lile kwa sababu risasi ilishika upesi na viungo viling'aa, nami sikufikiri juu ya kilichobaki chini yake. Mafuta ya aina ile yana chumvi na asidi. Wakati wa kiangazi yalikaa yamekauka bila kudhuru sana, lakini masika yalipoingia yakavuta unyevu wa hewa, na utando ule mwembamba wa rangi ya asali kati ya miguu ya kapasita ukageuka rezista. Kwenye sehemu yenye kiloomu chache nisingejua kitu. Kwenye sehemu inayotegemea megaomu 5, uchafu ulikuwa na nguvu kuliko kipuri nilicholipia.

Niliisugua bodi kwa mswaki: spiriti kwanza kuondoa utomvu, maji ya moto yenye sabuni kuondoa grisi na chumvi, maji safi, kisha spiriti tena kufukuza maji. Trima nilizing'oa kabla ya kuosha. Niliianika siku mbili juu ya rafu iliyo karibu na jiko, maana jua la Aprili hapa si la kutegemea, na usiku wa pili nikarudia kipimo kile kile cha mlio unaoshuka. Wimbi lilipanda polepole, likachukua nafasi pana kwenye kioo, na nilipoweka alama mbili nikasoma sekunde 1.06. Mvua ilikuwa ikinyesha.

Mwimbaji alirudi Jumamosi. Tulirekodi upya nyimbo zote mbili, na mvua ilibaki pale ilipostahili, chini, haisikiki hata katika vituo vyake virefu.

Kompresa ya pili ya jozi ya stirio sasa iko mezani, ikitumia jozi ya pili ya zile feti. Kopo la mafuta nimempa jirani anayeziba ndoo. Na mguu wa kapasita ile ya 0.22 unaokwenda kwenye rilizi sikuupitisha kwenye tundu la bodi. Nimeuinua hewani, nikaulehemu moja kwa moja kwenye waya wa kidhibiti, milimita nane juu ya bodi.