Siku moja maishani mwangu: nasanifu programu ya simu kwa wanaoogopa kiti cha daktari wa meno

Nikisema kazi yangu ni kusanifu programu za simu, watu hudhani nachora vitufe na kuchagua rangi. Nikiongeza kwamba programu ninayoishughulikia sasa ni ya wagonjwa wanaoogopa daktari wa meno, wengi hucheka. Halafu mmoja wao hunifuata baadaye, peke yake, anieleze kwamba jino linamsumbua muda mrefu, usiku halali bila dawa ya maumivu, na kwenda hawezi. Huyo ndiye ninayemfanyia kazi, na siku yangu huwa hivi.

Saa 12 asubuhi nasoma maoni ya waliojaribu toleo la mwisho. Wachache wanalalamikia maumivu. Wengi wanalalamikia kutojua: "Sikujua kama amemaliza au ndiyo anaanza." "Alinyamaza muda mrefu, nikaanza kuwaza mabaya." Maoni ya namna hii nayanakili kama yalivyo, maana yananiambia ni sentensi ipi inakosekana kwenye programu.

Saa 2 ni kikao kifupi na mwanaprogramu wetu. Tunakubaliana jambo moja: sauti zote zipakuliwe mapema, zichezwe bila intaneti, kwa sababu mgonjwa aliyekwisha kulala kwenye kiti hawezi kuhangaika na mtandao uliokatika.

Saa 3 niko kliniki. Nakaa kwenye kona ya chumba cha matibabu, kwa idhini ya mgonjwa, na daftari mapajani. Hapa ndipo usanifu wenyewe unapofanyika. Mgonjwa amelazwa chali, taa inammulika, mdomo umejaa vifaa, mikono iko tumboni. Hawezi kusoma chochote na hawezi kusema. Kwa hiyo kioo cha simu kina kazi kabla ya matibabu na baada yake. Wakati wa matibabu hubaki sauti tu, tena kwenye sikio moja, ili la pili limsikie daktari.

Kabla ya kuitwa, mgonjwa hujibu dodoso. Sikulitunga mimi. Norman Corah alitoa kipimo cha maswali 4 mwaka 1969, na mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wakakiboresha na kuongeza swali la 5, kuhusu sindano ya ganzi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Anayefikisha 19 kwenda juu, kati ya 25, ana hofu kubwa, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla hajavaa glavu. Baadhi ya madaktari walinipinga mwanzoni wakisema kumuuliza mtu kuhusu hofu ni kuiamsha. Utafiti umelipima hilo: kujaza dodoso hakumwongezei mgonjwa hofu. Kinachomwongezea ni kukaa nayo peke yake.

Kuna pia sehemu ya milio. Mashine ya kuchongea jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na mlio wake mkali humfikia mtu hadi chumba cha kusubiri. Kwenye programu mgonjwa anaucheza mwenyewe, kwa sauti ndogo anayoichagua, na kuuzima anapotaka. Madaktari wa watoto wanaijua njia hii tangu miaka ya 1950: eleza, onyesha, kisha fanya. Mtu mzima naye anaihitaji, ila haya humzuia kuiomba.

Saa 5 kasoro robo kinaanza kikao na mteja wetu, mwenye kliniki kadhaa, ndiye anayelipia kazi hii. Kilipangwa kiwe cha nusu saa.

Alikuja na mambo matatu. La kwanza, ukurasa wa kufungulia uandikwe kwa herufi kubwa: "Hutasikia maumivu yoyote!" Nikamwambia hapana. Akasema ni sentensi nzuri, inatia moyo. Nikamweleza kwamba sindano ya ganzi yenyewe huchoma kidogo. Nikamweleza kwamba penye uvimbe na usaha ganzi hushika kwa shida, kwa kuwa asidi ya sehemu iliyovimba huipunguzia nguvu. Hata ikishika vizuri huondoa uchungu, haiondoi mgandamizo. Mtu aliyeahidiwa kutosikia chochote akihisi jino linasukumwa ataamini ganzi imeshindwa, ataruka. Na kwa kuwa ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini, moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache. Mwenye hofu, kama hakuambiwa, hudhani anakufa.

"Sasa ukiyaandika hayo yote si ndiyo utawakimbiza?" akaniuliza.

Nikamsomea tulichoandika: "Utahisi kusukumwa na kubanwa. Moyo unaweza kwenda mbio kidogo, kisha utatulia. Ukisikia uchungu, inua mkono wa kushoto, daktari atasimama." Ni wa kushoto kwa sababu madaktari wengi hukaa upande wa kulia wa mgonjwa. Akaitafakari. Simu yake ikaita, akatoka, akarudi, akaanza upya na herufi kubwa kana kwamba hatukuwa tumezungumza.

Jambo la pili: mgonjwa akikosa miadi, simu imtumie ujumbe mwekundu, "Umekosa miadi yako!" Hapo sauti yangu ilipanda. Wanaoshughulika na hofu hii wanaujua mzunguko wake: mtu anaogopa, anaahirisha, jino linaoza zaidi, matibabu yanakuwa makubwa, anaona aibu ya hali ya kinywa chake, aibu inazidisha hofu. Ujumbe mwekundu unamsukuma tena ndani ya mzunguko huohuo. Wetu unasema: "Unaweza kuja siku nyingine. Chagua hapa." Alinung'unika, ila akakubali.

La tatu ndilo lililotula muda. Alitaka nishani. Mgonjwa akimaliza matibabu bila kuinua mkono apate nyota ya ujasiri, na nyota zikusanywe. Alikwisha kuchorewa mfano na mtu mwingine, wa rangi za dhahabu, akauzungusha mezani kila mtu auone. Nikasema mkono ule ndio moyo wa programu nzima; ukimtuza mtu kwa kutoutumia umemnyang'anya. Akasema watu wanapenda zawadi. Nikasema atuzwe kwa kuja, kwa kujibu dodoso, hata kwa kuketi tu na kuondoka. Akasema hiyo haina msisimko. Tukazunguka hapo hapo mpaka chai ikapoa na mwanaprogramu akaacha kuandika. Daktari mmoja aliyekuwepo alimuunga mkono mteja, kwa sababu kusimamasimama kunachelewesha foleni, na sikuweza kumlaumu, foleni yake naiona kila siku. Tuliachana bila uamuzi. Nilitoka kichwa kikigonga.

Chakula cha mchana sikukumbuka mpaka mchana ulipokwisha.

Alasiri alikuja mama wa makamo kujaribu programu kabla ya kuzibwa jino. Miaka mingi hakuwa amekanyaga kliniki ya meno. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, nitetee." Alipata alama 22. Kwenye zoezi la kupumua, lile la kutoa pumzi polepole, alifumba macho asiliangalie duara kwenye kioo. Akafuata mtetemo wa simu kiganjani, nami nikaandika: mtetemo uwe ndio mwongozo mkuu, duara liwe la anayelitaka.

Kisha programu ikamwomba afanye zoezi la mkono pamoja na daktari, kabla ya kifaa chochote kuingia mdomoni. Daktari akawasha mashine hewani. Mama akainua mkono. Mashine ikazimwa. Akaushusha, ikawashwa, akauinua tena. Ikazimwa. Alirudia mpaka mabega yakashuka, ndipo akasema, "Haya, anza."

Katikati ya matibabu aliinua mkono kweli. Daktari akasimama, akaongeza ganzi, akasubiri, wakaendelea mpaka jino likazibwa.

Baadaye nilimuuliza: kama simu ingekupa nyota kwa kutoinua mkono, ungefanyaje? Hakufikiri mara mbili. "Ningevumilia mpaka nizimie, mwanangu. Na msingeniona tena hapa."

Mgongo unaniuma kwa kuinama kwenye kile kiti cha kona, macho yamekauka, na nina fahari ambayo siwezi kuificha. Vitufe alivyovibonyeza mama yule ni vichache sana. Miezi imepita tukiondoa vingine vyote ili hivyo vibaki.

Usiku nilimwandikia mteja maneno ya mama kama alivyoyasema, pasipo jina lake, nikaambatanisha alama za dodoso na kilichotokea mkono ulipoinuliwa. Jibu lilikuja kabla sijalala: nishani iondolewe. Daktari mwenye foleni naye amekubali zoezi la mkono lifanywe na kila mgonjwa anayefikisha alama 19, ila anataka tumpimie muda linaochukua, na ombi lake ni la haki. Mteja ameongeza kwamba maandishi yawe ya njano kwenye nyeupe, kama nembo yake. Hilo ni la kesho asubuhi: kipimo cha chini kinachokubalika cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake ni 4.5 kwa 1, njano ile haikifikii, na msomaji wetu anasoma huku mkono unamtetemeka.