Wiki Tuliyomsubiri Namba 3

Kocha wa ulinzi wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani alizima taa, akatuonyesha kwenye video mkimbio mmoja tu wa wapinzani wetu wa wiki ile, mara kumi na moja. Mara ya kwanza alituambia tumtazame beki wa pembeni kushoto wa timu iliyokuwa ikikabiliana nao. Mara ya pili tumtazame jirani yake. Tukaenda hivyo mpaka mabeki wote kumi na mmoja wakaisha. Mwenye mpira mwenyewe, Namba 3, hakutuambia tumtazame hata mara moja.

Kwenye video Namba 3 anapokea mpira, anaelekea kushoto, na timu nzima ya ulinzi inamfuata kushoto. Kisha anakita mguu mmoja chini, anageuka, anarudi kulia ambako hakuna mtu. Yadi 70. Walinzi kumi walifanya kazi yao sawasawa. Wa kumi na moja, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) wa upande wa nyuma, aliacha nafasi yake akaukimbilia mpira. Kocha alipofika kwa huyo alisimamisha picha, akanitazama mimi. Kwetu sisi, aliyecheza nafasi hiyo ni mimi.

Ilikuwa Novemba 2018, magharibi mwa Texas. Nilikuwa na miaka 17, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari na wa tatu tu tangu nivae helmeti kwa mara ya kwanza. Nilizaliwa na kulelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako tuliufunga mpira wetu wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba, na mtoto mzuri alikuwa yule anayeufuata mpira popote unapokwenda bila kuchoka. Nilikuwa hodari wa kuufuata. Familia yetu ilipoletwa Abilene mwaka 2015, kocha mmoja aliniona nikikimbia mazoezini, akasema mbio hizo atazipatia kazi. Miaka mitatu iliyofuata niliitumia kujifunza kusimama.

Kwa wasioujua mchezo huu: wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Wakifaulu wanapewa mengine manne, na wanaendelea hivyo mpaka wavuke mstari wa mwisho au wanyang'anywe. Mtu akikupiga yadi tatu, tatu na nne, kila anaposhika mpira, hutautoa mpira mikononi mwa timu yake usiku kucha. Namba 3 alikuwa akipiga zaidi ya yadi 200 kila mechi. Tulipangwa naye raundi ya kwanza ya mtoano, na mtoano hauna marudiano. Ukifungwa, unarudisha vifaa Jumatatu.

Texas ina historia ndefu ya wakimbiaji wa aina hiyo, na kocha wetu aliisimulia kama wazee wanavyosimulia ukoo. Alituambia habari za Ken Hall wa Sugar Land, aliyekimbia yadi 11,232 kati ya 1950 na 1953, zaidi ya kilomita 10 huku watu wakijaribu kumwangusha kila hatua. Rekodi ile ya shule za sekondari za Marekani ilikaa karibu miaka 60, mpaka Derrick Henry wa Yulee, Florida, alipoivunja mwaka 2012 na kufikisha 12,124. Kocha hakutaka kututisha. Alisema hata Hall aliangushwa mara nyingi kila usiku, na kila mara aliangushwa na mtoto wa shule ambaye leo hakuna anayemjua jina.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuutii. Watu wanane wasogee mbele karibu na mstari, nyuma wabaki watatu tu. Kila mmoja apewe mwanya wake kati ya wale wanene wa mbele wa timu pinzani. Mimi kichwani mwangu niliiita milango, maana ndivyo nilivyoielewa: nyumba yenye milango minane, mwizi mmoja, na kila mwanafamilia ana mlango wake. Ukiacha wako kwenda kumsaidia ndugu yako, mwizi anapita kwako.

Mlango wangu ulikuwa wa nyuma, upande ambao mchezo hauelekei. Namba 3 akienda kulia, mimi nisimkimbilie. Nisogee polepole sambamba naye, hatua moja nyuma ya nyonga yake ya ndani, nisimpite kamwe. Kazi yangu ilikuwa kumnyima njia ya kurudi, na kumchunga kwotabeki, yule anayegawa mpira, asije akajifanya amempa mpira halafu akatoka nao upande wangu. Kumwangusha ilikuwa kazi ya wengine.

Tena kocha alitukataza kumtazama Namba 3 kabla mpira haujaanza. Macho yake yanadanganya, alisema, kiuno chake kinadanganya, mabega yake yanadanganya. Mtazameni gadi, mmoja wa wale wanene, aliye mbele yenu, yeye hajui kudanganya. Jumanne nilitazama video nikiwa nimesogea kwenye kioo kabisa, na nikakiona alichokisema. Gadi wao wa kushoto alipokuwa anakuja mbele kusukuma, aliweka uzito wote kwenye mkono uliogusa ardhi, na vifundo vya vidole vyake vikageuka vyeupe. Alipokuwa anataka kuchomoka kwenda pembeni kumfungulia Namba 3 njia, mkono ule uligusa tu nyasi, kama mtu anayepima chai kama bado ni ya moto. Nikakaa na kile kiganja wiki nzima. Nilikiota usiku.

Mazoezini tulimhitaji mtu wa kuigiza Namba 3, na kwenye timu yetu hapakuwa na mwenye mbio zile. Kocha akaenda kumwazima kijana wa mbio za kupokezana, akamvalisha fulana namba 3, na katika kila mchezo akamruhusu aanze hatua mbili kabla ya wengine. Jumanne alitupita mara sita. Jumatano mara mbili. Alhamisi hakupita. Yule kijana hakuwahi kucheza hata dakika moja ya mechi, lakini nikiikumbuka wiki ile humkumbuka yeye kabla ya wengi.

Kuhusu kumwangusha tulikuwa na sheria moja: wa kwanza kumfikia ashike, asimwachie, asubiri wenzake. Hakuna kurusha bega kutafuta kelele za mashabiki, kwa sababu wote waliojaribu hivyo kwenye video walianguka wao, Namba 3 akabaki amesimama. Shika paja, telezesha mikono hadi vifundo vya miguu, funga macho ukitaka, ila usifungue mikono.

Mechi ilichezwa Ijumaa San Angelo, kama maili 90 kutoka nyumbani, uwanja usio wa timu yoyote kati yetu. Upepo ulivuma kwa nguvu kutoka kaskazini. Mama alikuja, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa hajapata kuja kwa sababu Ijumaa alikuwa zamu ya usiku, na nadhani pia kwa sababu hakutaka kuona. Waumini wa kanisa letu walimleta kwa gari lao. Nilipotoka kwenye korido kuingia uwanjani nilimwona mara moja: koti kubwa jeusi, na chini yake kitenge cha njano.

Robo ya kwanza mpango ulifanya kazi. Yadi mbili, yadi moja, yadi tatu, wakaupiga mpira teke mbali na kutuachia sisi. Washambuliaji wetu nao walitusaidia kwa namna ambayo watu hawaihesabu kuwa ulinzi. Walikwenda taratibu, wakatumia kila sekunde waliyoruhusiwa kabla ya kuanza mchezo, na Namba 3 akakaa kwenye benchi amevaa koti. Mtu aliyekaa benchi hakimbii yadi hata moja.

Robo ya pili nilifanya kosa langu. Niliona kiganja cha gadi kimegusa nyasi kidogo tu, nikajua wanakwenda kulia, na nilikuwa sahihi. Furaha ya kuwa sahihi ndiyo iliyoniponza. Nilikata kwenda kulia kwa mbio zangu zote, nikawa namwona, nikawa namfikia. Namba 3 akakita mguu. Nilisikia sauti ya kiatu kikichimba nyasi bandia, kokoto nyeusi za mpira zikaruka zikanipiga usoni, na nilipogeuka nilimwona kwa nyuma tu. Yadi 61. Tachidauni: alikuwa amevuka mstari wa mwisho.

Nilirudi pembeni nikisubiri kugombezwa. Kocha alishika chuma cha mbele cha helmeti yangu kwa vidole viwili, taratibu, akauleta uso wangu karibu na wake.

"Mlango wako uko wapi?" Nilikuwa nimemwambia siku ya Jumatano jinsi nilivyoielewa ile mianya, na akalichukua neno.

"Nyuma, Kocha."

"Basi rudi ukakae."

Mpaka leo namshukuru kwa kutosema zaidi. Wako makocha wangenitoa, na ningeutazama mchezo wote uliobaki nikiwa nimekaa na aibu yangu.

Tulikwenda mapumziko tukiongoza 10 kwa 7. Robo ya tatu walitupata mahali ambapo mpango wetu ulikuwa wazi. Ukipeleka watu wanane mbele, mabeki wako wa pembeni wanabaki kila mmoja na mtu wake bila msaada. Kwotabeki wao alijifanya anampa Namba 3 mpira, wote tukaganda, akarusha mbali pembeni na mtu wao akaudaka peke yake. 14 kwa 10. Kocha hakubadilisha kitu. Alisema watajaribu tena na upepo hautawaruhusu, na ndivyo ilivyokuwa: pasi tatu zilizofuata zilipeperushwa.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ya usiku ule haukuingia kwenye hesabu yoyote ya jina langu. Robo hiyo hiyo ya tatu, karibu na katikati ya uwanja. Kiganja kikagusa nyasi kidogo. Namba 3 akaenda kulia. Mwili wangu wote ulitaka kwenda, nilihisi misuli ya mapaja ikinivuta kama mbwa anavyovuta kamba. Nikasogea polepole. Nyonga yake, hatua moja nyuma. Akakita mguu, akageuka, akaniona. Tulitazamana pale, labda nusu sekunde. Mlango ulikuwa umefungwa. Katika nusu sekunde hiyo wenzangu watatu wakamfikia, wakamlaza chini kwa hasara ya yadi mbili. Uwanja ukalipuka kuwashangilia wao, na haki yao ilikuwa hiyo. Mimi sikumgusa hata kwa kidole, na sijawahi kufurahi vile nikiwa nimevaa helmeti.

Robo ya nne tulifunga, 17 kwa 14. Kisha wakaanza kuja. Sasa hawakujificha tena: Namba 3, Namba 3, Namba 3. Yadi nne. Yadi tatu. Yadi tano. Tulikuwa tunamshika wanne wanne, na bado alianguka kwa mbele kila mara. Hicho ndicho kipaji chake ambacho video haikutuonyesha vizuri, kwamba hata akiangushwa anaanguka upande anaoutaka yeye.

Ikabaki kama dakika moja, mpira uko yadi mbili kutoka mstari wetu, jaribio la tatu. Walijifanya wanampa upande wa kulia na uwanja mzima ukaenda kulia. Mimi nilibaki. Kwotabeki alitoka upande wangu na mpira umefichwa nyuma ya paja, akanikuta nimesimama namsubiri. Nikamshika, tukaanguka pamoja pale pale alipoanzia. Na hapo, katikati ya kelele zote za Kiingereza, nilisikia sauti moja kutoka juu, Kiswahili cha Fizi, Kongo, cha mama yangu: "Mushike! Usimuache, mwanangu!"

Jaribio la nne. Wangeweza kupiga teke la pointi tatu wasawazishe, ila kwa upepo ule hakuna ambaye angethubutu. Kila mtu uwanjani alijua nani atapewa mpira. Nilitazama kiganja cha gadi: vifundo vyeupe. Wanakuja moja kwa moja, kwangu.

Nilimfikia wa kwanza. Nikashika paja, nikafunga mikono, nikasubiri wenzangu kama sheria ilivyosema, na wenzangu walikuja. Mmoja juu yangu, mwingine pembeni. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye goti lake na nilihisi mguu ule ukiendelea kusukuma, ukisukuma tena, nyasi zikipita chini ya mgongo wangu. Sikufungua mikono. Filimbi ilipolia bado nilikuwa nimemshika. Nilipoangalia chini yetu niliuona mstari mweupe, na sote wanne tulikuwa tumeuvuka.

21 kwa 17. Alimaliza na yadi 112, na zaidi ya nusu yake ni ule mkimbio wa kosa langu la robo ya pili. Alikuja kunitafuta baada ya mechi, akavua helmeti, nikaona ni mtoto mwenye chunusi kama mimi. Akasema, "Wewe kila nikigeuka upo." Tukapeana mikono.

Usiku ule nyumbani mama alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda bega kwa kitambaa. Alikanda kwa nguvu na hakuniuliza habari ya kufungwa. Alipofika kwenye kiwiko aliacha kidogo.

"Ule mutoto uliyemushika," akasema, "ni wa nani?"

"Sijui, mama. Sikumuuliza kwao."

"Ungemuuliza." Akakamua kitambaa, akakichovya tena. "Mama yake pia alikuwa pale mahali anaogopa."