Dhahabu ya sonara na risasi ya chubwi

Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya San Marco yaliyowekwa na Waitaliano kwa kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliruka kutoka huko ikiwa na setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, basi setilaiti nayo ikaitwa Uhuru. Kwangu mimi hii ni habari ya kusomeshwa kila shule ya pwani.

Uhuru ilionyesha kwamba Centaurus X-3, chanzo kimoja cha eksirei angani, humulika kila sekunde 4.8, huku ikizungukana na nyota kubwa kila siku 2.1. Ni nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota iliyolipuka, maada nyingi kuliko ya Jua iliyobanwa katika upana wa kilomita 20 hivi. Nyota za namna hii, mbili zinapogongana, hutupatia dhahabu.

Nyota kubwa huunganisha viini vya atomu kuanzia haidrojeni hadi kufikia chuma, elementi ya 26 (namba hiyo ni idadi ya protoni ndani ya kiini). Kupita hapo, kuunganisha hula nishati badala ya kuitoa. Elementi nzito huja kwa njia nyingine: kiini humeza nyutroni, chembe isiyo na chaji, kisha nyutroni moja hugeuka protoni, na elementi hupanda namba moja. Ndani ya nyota kongwe zilizovimba kazi hiyo huenda polepole na hukomea kwenye risasi (82) na bismuthi (83). Dhahabu (79), kwa sehemu kubwa, na urani (92) huhitaji mafuriko ya nyutroni ya ghafla. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO (Marekani) na Virgo (Italia) ilinasa mawimbi ya graviti ya nyota mbili za nyutroni zikigongana katika galaksi ya NGC 4993, miaka-nuru milioni 130 hivi kutoka kwetu. Mwanga wake uligeuka kutoka samawati kuwa mwekundu kwa siku chache tu, dalili ya elementi nzito zilizokuwa zimezaliwa hapo hapo.

Uzito wa dhahabu kwa ujazo wake unakuwezesha kuikagua nyumbani. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu tupu ina gramu 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba 8.96. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01. Pima pete ikiwa kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uning'inize pete kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kitako wala ubavu. Namba utakayoisoma ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo; gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Gramu 8.00 ukigawa kwa 0.45 unapata 17.8, yaani karati 22. Karati 18 hucheza kati ya 15 na 16, kulingana na fedha na shaba iliyochanganywa. Tumia maji ya mvua. Ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi na yataishusha pete yako. Viputo vya hewa vinadanganya pia, ila tone la sabuni huviondoa. Pete yenye kito na bangili yenye uwazi ndani hazipimiki hivi, na chini ya gramu 3 kosa dogo tu linakupotosha. Tungsteni, metali nyingine yenye 19.25, ikifunikwa kwa dhahabu hupita kipimo hiki bila shida. Kipande kinene ukikitilia shaka, sonara akikate.

Risasi nayo, ile ya chubwi (kizito cha mshipi wa kuvulia), huyeyuka kwa nyuzi 327, kwa hiyo jiko la makaa latosha. Ajali kubwa hutokana na kalibu yenye unyevu: maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha risasi usoni. Kalibu ipashwe moto kwanza. Yeyusha nje, upepo ukitoka mgongoni mwako, na sufuria ile isipikiwe tena. Usibane chubwi kwa meno. Vumbi la kijivu linaloelea juu ya risasi iliyoyeyuka ndilo baya zaidi, hasa kwa watoto. Lililodondoka chini, likishapoa, lifute kwa kitambaa kibichi, usilifagie. Sahani za betri ya gari usiziyeyushe kabisa, kwani zina salfati na oksidi ya risasi inayotimka kuwa vumbi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Betri iliyokufa iuzwe nzima, asidi yake ikiwa ndani.