Madresa wa Burma nao walikuwa vitani

Ukitaja vita vya Burma (Myanmar ya leo), ambako Waafrika walipigana na Wajapani upande wa Waingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia, huku kwetu watu wanakumbuka keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na bunduki basi, ila mimi wanaonikaa moyoni ni watu wa hospitali, tena sio madaktari wenye nyota mabegani, nasemea madresa, yaani wasaidizi wa tiba wanaofunga vidonda, na wabeba machela, vijana wa vyeo vya chini kabisa.

Mchukue Isaac Fadoyebo wa Nigeria. Januari 1942 ana miaka 16 kajiandikisha jeshi bila ruhusa ya wazazi, akafundishwa udresa, akapangiwa kituo namba 29 cha kupokea majeruhi, kwenye Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi. Kazi ni kuzuia damu, kusafisha vidonda, kumtuliza mtu mpaka apelekwe nyuma. Sasa bonde la Kaladan huko Burma walikopelekwa halina barabara ya maana, chakula na dawa vinadondoshwa na ndege, kwa hiyo hospitali yenyewe inahama na wapiganaji, mara kwa miguu mara kwa chelezo za mianzi mtoni.

Machi 1944 wako kando ya mto asubuhi Wajapani wakawamiminia risasi. Fadoyebo akavunjika mfupa wa paja na risasi nyingine ikampata tumboni. Yani dresa anajua kabisa paja lililovunjika linafungwaje, halafu kalala pale hana banzi wala mtu wa kumfunga. Inaniuma sana hii.

Mwisho wakabaki wawili, yeye na David Kargbo wa Sierra Leone, porini, mpaka mwanakijiji mmoja Mwislamu anaitwa Shuyiah akaanza kuwaletea chakula kwa siri, baadae akawaficha nyumbani kwake kabisa, na Wajapani wangejua wangemuua yeye na familia yake. Miezi tisa hiyo! Wameokolewa Desemba 1944 jeshi la Waingereza liliporudi.

Fadoyebo alirudi kwao na kilema cha mguu, akafariki 2012. Mwaka mmoja kabla, mwandishi wa habari Mwingereza aliifikisha barua yake ya shukrani kwa familia ya Shuyiah, mwenyewe Shuyiah alishafariki.

Na wetu je? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw, hukohuko Burma, mwaka huohuo 1944, mvua, matope, malaria, na madresa wake walikuwemo humo humo. Kama babu yako alikuwa mmoja wao andika jina lake, kijiji chake, namba yake ya jeshi, na picha kama ipo, na mkae na bibi mumuulize leo, msingoje siku ya msiba.